Maji ya Mbeya Hayafiki Mia

Uzi wa zebaki uligoma kwenye 94 na nusu. Maji yalikuwa yanatokota kwa kelele, mvuke umeshajaza kona yetu ya maabara, kioo cha dirisha kinatoka jasho, lakini kipimajoto kilisimama pale pale. Tukasubiri dakika tano. Tukaongeza moto. Kelele zikazidi, zebaki haikusogea hata unywele. Mwenzangu wa meza, kijana wa Tukuyu aliyekuwa anawahi foleni ya chakula, akachukua kalamu na kuandika kwenye jedwali letu: 100.

"Haijafika mia," nikamwambia.

"Dada, maji yanachemka kwa mia. Hilo tunalijua tangu shule ya msingi. Sasa unataka tukose maksi kwa ajili ya kipimajoto kibovu?"

Nikachungulia meza nyingine. Wote walikuwa wameandika mia, isipokuwa meza moja ya nyuma walioandika 99.5, nadhani ili ionekane wamepima kweli. Mimi nikashikilia yangu. Kwenye ripoti yangu niliandika 94.5, na wiki iliyofuata ikarudi ile namba imezungushiwa duara jekundu, pembeni pameandikwa neno moja: "Hapana." Nilipata 4 kwa 10. Kijana wa Tukuyu alipata 9.

Hiyo ilikuwa 2011, muhula wa kwanza wa mwaka wa kwanza, katika chuo kimoja hapa Mbeya. Jina lake naliacha, maana aliyeshika ile kalamu nyekundu naye alikuwa kijana tu, mwaka mmoja au miwili toka amalize, anasahihisha ripoti mia na ushee kwa usiku mmoja. Ambacho sikukijua siku ile ni kwamba jibu lilikuwa limetundikwa ukutani, hatua tatu kutoka mezani kwetu, kando ya mlango tuliopita kila Jumatano. Nitafika huko.

Kwa ambaye hakupita: fizikia ya mwaka wa kwanza ndiyo chujio. Wanapitishwa humo wahandisi watarajiwa, walimu watarajiwa, watu wa kompyuta, watu wa kemia, wote ukumbi mmoja. Orodha ya mada haitishi. Mekanika, joto, mawimbi, mwanga, umeme na sumaku. Mtu aliyetoka kidato cha sita na PCM yake, yaani fizikia, kemia na hisabati, anaiangalia anasema, si yale yale? Ndiyo yale yale, ila sasa yamevalishwa kalkulasi, na yanakwenda mbio kama basi la Dar lililochelewa mizani. Testi ya kwanza inakukuta hujajua hata mgahawa wa bei nafuu uko upande gani wa geti.

Tulijibu kwa silaha tuliyotoka nayo shuleni, yaani madesa. Yalikuwa yanauzwa steshenari ya nje ya geti, yametolewa kopi mpaka herufi zimefifia, na mitihani ya miaka iliyopita ilikuwa ghali kuliko madesa yenyewe. Usiku tunapiga msuli, mmoja anasoma swali, wengine tunaimba fomula. Kitabu chenyewe kilikuwa kinene cha Kimarekani, nakala chache maktaba, na mifano yake ilikuwa ya watu wanaoteleza juu ya barafu. Kila msuguano ukitakiwa uondolewe, basi barafu. Mimi ni mtoto wa Uyole. Barafu ninazozijua ni sakitu ya asubuhi, kule Kitulo na Makete ikifika Juni, na zile za ukwaju za kwenye mfuko wa nailoni. Hakuna mtu niliyewahi kumwona akiteleza juu ya mojawapo kwa mwendo usiobadilika.

Baada ya lile duara jekundu nilijifunza haraka. Jaribio lililofuata lilikuwa la pendulamu: unafunga kijiwe kwenye uzi, unakipa msukumo mdogo, unahesabu mizunguko, na kutokana na muda unatafuta g, yaani mchapuko wa kitu kinachoanguka. Kitabu kilisema 9.81. Sisi tulipata 9.77, tukarudia tukapata 9.79. Safari hii hatukubishana. Tulianza na 9.81, tukarudi nyuma mpaka kwenye muda ambao tungepaswa kuupata, tukaongeza vijikosa vidogo huku na huku ili isionekane safi mno. Chuoni kazi hiyo ina jina lake, inaitwa kupika data. Tulipika, tukapata 9. Na nakiri, nilifurahi. Nilijiona nimekuwa mwanafizikia.

Siku moja ukumbini mhadhiri alichora mpira uliorushwa juu. Umeshaachana na mkono, bado unapanda. Puuza hewa, akasema, nichoreeni kani, yaani misukumo na mivuto yote inayoufanyia kazi. Ukumbi mzima tukachora mishale miwili: mmoja wa uzito kwenda chini, na mwingine kwenda juu, ambao wengi tuliuandika "nguvu ya mkono". Saa moja kabla, watu hao hao tulikuwa tumeandika kanuni ya kwanza ya Newton bila kukosea koma. Mhadhiri akafuta mshale wa juu kwenye ubao, akasema haupo, akaendelea na slaidi inayofuata. Sote tukaufuta kwenye madaftari. Kichwani mwangu ulibaki.

Nimefikiri sana kuhusu ule mshale. Kiswahili chetu cha kila siku kinalibebesha neno "nguvu" mizigo mingi. Gari limeishiwa nguvu. Mpira bado una nguvu. Umeme wa leo hauna nguvu. Mgonjwa amepata nguvu. Humo ndani kuna kani, kuna nishati, kuna kasi ya kutumia nishati, na kuna uji wa ulezi. Mtu aliyekua na neno kama hilo, ukimwambia mpira unapanda bila nguvu yoyote ya kuupandisha, atakuitikia tu kwa heshima. Kwa hiyo kwa muda mrefu niliilaumu lugha, nikawa miongoni mwa wale wanaosema sayansi na Kiswahili haviivi chungu kimoja.

Baadaye nikagundua kuwa Wamarekani wanachora mshale ule ule, na kwao somo linafundishwa kwa lugha waliyonyonya nayo. Mwaka 1985 Halloun na Hestenes, wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, waliandika kuhusu wanafunzi wanaoingia na kutoka kwenye kozi ya mekanika wakiwa na mawazo yao ya mtaani yamekaa salama. Mwaka 1992 Hestenes na wenzake wakatoa jaribio la maswali ya kuchagua kuhusu dhana ya kani, lisilo na hesabu hata moja, ni mipira na malori na lifti tu. Eric Mazur, profesa wa Harvard, aliyekuwa anapendwa na wanafunzi wake na kujiona anafundisha vizuri, akawapa wanafunzi hao jaribio la awali la aina hiyo, la Halloun na Hestenes. Mmoja akamuuliza ajibu vipi: kwa jinsi alivyofundishwa, au kwa jinsi mwenyewe anavyofikiri?

Niliposoma hilo nilicheka peke yangu kwenye daladala. Ni kijana wa Tukuyu yule, ila kazaliwa Marekani. Tofauti ni kwamba yule wa Harvard aliuliza kwa sauti, na profesa wake akabadilisha somo lake lote. Akaanza kuwaachia wanafunzi wabishane wao kwa wao kabla hajasema jibu. Mwaka 1998 mwanafizikia Richard Hake akakusanya matokeo ya wanafunzi 6,542 kutoka kozi 62. Kozi za mhadhara mtupu zilikuwa zimewasogeza wanafunzi, kwa wastani, kama asilimia 23 tu ya pengo walilokuwa nalo. Zile zilizowafanya wabishane na kujaribu wenyewe ziliziba asilimia 48. Hata hiyo 48 si ya kupigiwa vigelegele, ukiniuliza mimi. Lakini ni mara mbili.

Sisi tulikuwa kwenye 23. Matokeo yalipotoka, kwenye mekanika nilikuwa na sapu, yaani mtihani wa kurudia.

Likizo ile mjomba wangu alikuwa anaendesha semi, mzigo wa kutoka Dar kwenda Zambia. Alinipitia Uyole alfajiri, nimsindikize mpaka Tunduma nikamsalimie shangazi. Nilipanda na madaftari yangu ya sapu, nikidhani nitasoma. Tulipopita Iyunga na kukaribia Iwambi, kabla barabara haijaanza kuporomoka kwenda Mbalizi, mjomba akaweka gari pembeni. Mtu wa Mbeya hahitaji kuelezwa mteremko ule. Wengine niseme tu kwamba ni mahali ambapo redio ikitaja "lori limefeli breki" unaacha ulichokuwa unafanya na kuanza kupiga simu.

Utingo, kijana mwembamba aliyevaa koti la mvua ingawa mvua haikuwepo, aliruka chini gari halijatulia vizuri, akachomeka gogo mbele ya tairi. Kisha akazunguka gari zima, tairi kwa tairi, akiweka mgongo wa mkono karibu na kila ngoma ya breki, hivyo hivyo mama anavyopima homa ya mtoto.

"Za baridi zote, suka."

Mjomba akaingiza gia. Niliisikia injini inavyonguruma nikashangaa. "Mjomba, mbona umeweka gia ya kupandia na sisi tunashuka?"

"Mlima unaushuka na gia uliyoupandia. Ukiuacha ukupeleke unavyotaka, utakaa juu ya breki njia nzima. Na breki ikishapata moto, mama, haikusikii tena."

Tukashuka taratibu, mshale wa kasi umetulia sehemu moja kama umegundishwa, injini inalalamika, mguu wa mjomba unagusa breki mara moja moja tu. Katikati ya mteremko Fuso moja likatupita likiwa jepesi, na nyuma yake ikabaki harufu kali ya kitu kinachoungua. "Huyo anachoma pesa," mjomba akasema. Tulipofika chini utingo akaruka tena na mgongo wake wa mkono. "Vuguvugu."

Ndipo nikajikuta nauliza kitu ambacho sikuwahi kukiuliza ukumbini: ule urefu wa mlima umeenda wapi? Juu tulikuwa nao, chini hatunao, na gari halikuongeza kasi. Nikachukua risiti ya mafuta iliyokuwa kwenye dashibodi, nikaigeuza. Tuseme gari na mzigo ni tani 40. Tuseme mteremko umetushusha mita 200, namba ya kukisia tu. Kilo 40,000 mara 9.8 mara 200 ni jouli milioni 78 na ushee. Kilo moja ya maji inataka jouli 4,200 kupanda nyuzi moja. Kuyatoa maji nyuzi 20 mpaka yachemke, kwa ile 94 yangu, jouli 310,800 kwa lita. Gawanya. Inakuja lita 252. Yaani moto wa kuchemsha pipa zima la lita 200 na ndoo mbili na nusu juu yake, na kama mjomba angetegemea breki peke yake, moto huo wote ungemwagwa kwenye vile vyuma ambavyo utingo alikuwa anavipima homa. Kwa gia nzito sehemu kubwa ilibebwa na injini, ikatoka kwa bomba na rejeta.

Lakini kilichonikamata zaidi hakikuwa pipa la maji. Kilikuwa ule mshale wa kasi uliogundishwa. Kasi haibadiliki na barabara imenyooka: basi jumla ya kani ni sifuri. Mlima unavuta mbele, injini na breki vinavuta nyuma, vimetoshana. Gari la tani 40 linatembea, tena linatisha, na jumla ya kani zote ni sifuri. Kwa hiyo mwendo hauhitaji kitu cha kuusukuma. Kinachohitaji kani ni kuubadilisha. Nilikuwa nimeandika sentensi hiyo mara ishirini kwa Kiingereza. Pale Mbalizi, puani bado nina harufu ya breki za mtu mwingine, ndipo ule mshale wa "nguvu ya mkono" ulipofutika kichwani mwangu, mwaka mzima baada ya kufutwa ubaoni.

Nikamweleza mjomba. Alisikiliza kwa heshima akiwa anamenya ndizi, kisha akasema, "Kwa hiyo umekubali nilivyokwambia."

Nilirudi chuoni mapema kujiandaa na sapu. Mabweni matupu, kantini imefungwa, maabara iko wazi kwa sababu mzee wa maabara alikuwa anafanya hesabu ya vifaa. Huyu mzee tulimwona kila Jumatano na hatukujua hata jina lake la pili. Alikuwa analeta beseni, anaondoa beseni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti. Umekuja kulipa deni?"

Sapu kwake ilikuwa deni. Nikamsaidia kufuta vumbi, na katika mazungumzo nikamsimulia kile kipimajoto kibovu cha 94 na nusu. Akaacha kufuta. Akanishika kiwiko, akanipeleka mpaka kando ya mlango, palipotundikwa mrija mrefu wa kioo ndani ya ubao mweusi. Nilikuwa nimeupita mwaka mzima nikidhani ni pambo.

"Soma."

Nikasoma. "Mia sita na ishirini."

"Kitabu chenu kinasema maji yanachemka kwa mia, baromita ikiwa inasoma ngapi?"

"Mia saba sitini."

"Sasa unaidai nini sufuria?"

Hilo tu. Ule mrija ndio baromita, kipimo cha msukumo wa hewa. Maji yanachemka pale msukumo wa mvuke wake unapotosha kuinua hewa iliyoyalalia. Pwani hewa ni nzito, inalalia kwa milimita 760 za zebaki, na mvuke unahitaji nyuzi 100 kuishinda. Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya bahari. Sehemu ya hewa imebaki chini yetu, iliyopo juu ya vichwa ni kama asilimia 82 ya ile ya Dar. Mzigo umepungua, maji yanawahi kuchemka. Kwa 620 jibu ni nyuzi 94 na kidogo. Kile kipimajoto kilikuwa kizima kuliko sisi wote mle ndani.

Na pendulamu? Mzee akacheka nilipomwambia tulivyopika. Ile 9.81 ni ya nchi za kitabu. London ni karibu hapo. Dunia imevimba kidogo ikwetani na inazunguka, kwa hiyo huku kwetu vitu vinaanguka polepole kidogo, na ukipanda nyanda za juu inapungua tena chembe. Ya Mbeya ni karibu 9.78. Tulipata 9.77 na 9.79, tukaziona takataka, tukazitupa, tukaandika ya Waingereza. Kwa uzi wa mita moja tofauti hiyo, baada ya mizunguko 100, ni kama theluthi moja ya sekunde. Tulikuwa na saa za kuisoma. Hatukuwa na ruhusa, au tulidhani hatuna.

Nilimuuliza kwa nini hakusema siku ile ya maji. Akachukua kitambaa chake. "Hakuna aliyeniuliza. Mimi kazi yangu ni kuleta vifaa na kuhesabu vilivyovunjika."

Jumapili nikaenda nyumbani na habari hiyo kama nimeigundua mimi. Mama alikuwa anachochea maharage, na maharage ya Uyole ni ya asubuhi mpaka mchana. Nikamwambia mama, yanachelewa kwa sababu maji yetu hayafiki mia. Akafikiri. "Dada yako alipohamia Dar alisema kule yanawahi kuiva. Mimi nikajua ni mkaa wa kule." Akaongeza maji. Kisha: "Sasa dawa yake?" Nikasema sufuria ya kufunga kwa nguvu, inayozuia mvuke. Akaniuliza bei yake, nikamtajia, tukarudi kwenye mazungumzo mengine.

Sapu niliifaulu. Swali la tatu lilikuwa la kitu kinachoteremka kwenye mbao yenye msuguano. Nilichora lori.

Siku hizi niko Iringa, na kalamu nyekundu ninaishika mimi; nasimamia mazoezi ya maabara ya mwaka wa kwanza. Mtu akifundisha fizikia Iringa hawezi kukwepa kisa cha Erasto Mpemba, ingawa nashangaa wanafunzi wengi wanavyofika chuo hawajakisikia. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu, shule ya Magamba, Lushoto. Walikuwa wanatengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa na sukari, unaacha yapoe, ndipo unaweka kwenye friji la kugandisha. Nafasi ilikuwa ya kugombea, akaona atakosa, akaweka ya kwake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa kabisa. Akamuuliza mwalimu. Akaambiwa amechanganyikiwa.

Baadaye akaja kusoma hapa Mkwawa, ambayo leo ni chuo kikuu kishiriki cha elimu chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wakifundishwa kanuni ya Newton ya kupoa akauliza tena, na mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia. Darasa likaidaka. Ikawa akikosea chochote, hata hesabu, wanamwambia hiyo ni ya Mpemba. Hata hivyo Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, alipokuja kuzungumza na shule, kijana akasimama mbele ya wote akauliza: maji ya nyuzi 35 na ya nyuzi 100, kwa ujazo ule ule, mbona ya 100 yanatangulia kuganda? Wenzake walicheka. Osborne hakuamini, lakini alirudi Dar na kumpa fundi wa maabara kazi ya kujaribu. Fundi akaleta habari kwamba kweli ya moto yametangulia, ila asiwe na wasiwasi, wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi.

Sehemu hiyo ya fundi ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha makala pamoja, na jina la kijana wa aiskrimu likaingia vitabuni. Wanafunzi wangu hutaka kisa kiishie hapo, mnyonge kashinda. Siwaruhusu. Mwaka 2016 Burridge na Linden, huko Uingereza, walipima kwa uangalifu na hawakuona ushahidi wa kuridhisha kwamba maji ya moto yanapoa kwa haraka zaidi. Walionyesha kuwa hata kusogeza kipimajoto kama sentimita moja juu au chini ndani ya chombo kunaweza kukupa jibu tofauti. Wengine wameona jambo linalofanana na hilo kwenye mifumo mingine kabisa. Ubishi haujaisha. Lakini ni ubishi wa kupima, na mwalimu wa Mkwawa hakuwa amepima.

Muhula huu nilianza na maji. Sikuwaambia chochote, niliwapa kipimajoto na jiko la umeme, nikawaomba waandike wanachokiona, na baromita nikaihamishia katikati ya meza kubwa ili asiwepo wa kuipita. Ilisoma 630. Iringa tuko chini kidogo ya Mbeya. Nilikuwa nategemea 95, pungufu kwa chembe. Vikundi vingi walileta hapo hapo. Kikundi kimoja, kama kawaida, 100. Nikawauliza mstari gani wa kipimajoto ulifika mia, wakaangalia chini, tukaelewana.

Kikundi cha dirishani walileta 97. Msemaji wao, kijana wa Mafinga mwenye msimamo, akasema, "Madam, tumepima mara tatu. Ni tisini na saba, na sibadilishi." Nikampenda pale pale. Nikaenda kuangalia. Walikuwa wamekizamisha kipimajoto mpaka kichwa chake kimelala kwenye kitako cha sufuria, juu kabisa ya koili. Walikuwa wanapima chuma.

"Kiinueni kidogo," nikasema, "halafu rudieni."

Kijana wa Mafinga akaniangalia. "Kwa hiyo, Madam, tunarudia mpaka ije tisini na tano?"

Sikuwa na jibu la haraka. Alikuwa amenishika pale pale alipokamatika fundi wa Osborne, na mwenye duara jekundu, na mimi na pendulamu yangu. Ningempa hotuba ya tofauti kati ya kurudia kwa sababu umeona kosa na kurudia kwa sababu hukupenda jibu, lakini kwa sura yake asingeinunua, na sijui kama ningekuwa na haki ya kuiuza.

Nikatoka mpaka korido. Kulikuwa na binti wa mwaka wa pili anasubiri mtu, wa kozi ya jiografia, hajui kinachoendelea. Nikamwomba atusaidie dakika moja. Nikawaambia wote wanyamaze, asiambiwe namba yoyote. Kipimajoto kimeinuliwa, kinaning'inia katikati ya maji, hakigusi kitu. Akainama, akakunja jicho moja.

"Tisini na nne," akasema. "Hapana. Nne na nusu? Tano? Mistari yenu imefutika, Madam, nunueni kingine."